Kioo cha Upande Wangu

Shoga, acha unachofanya usome hapa. Nimejifungia kwenye choo cha getini, mbugani.

Si unajua leo ndiyo mara yetu ya kwanza kuja kwa gari letu? Mume wangu kashika usukani, mimi pembeni yake, mama mkwe nyuma.

Tukamkuta simba jike kajilaza kando ya njia, upande WANGU. Mara kioo changu kikaanza kushuka. Chenyewe!

Nikapiga yowe. Shemeji yako eti, "Samahani mpenzi, nimekosea kitufe."

Kakosea? Gari analiendesha mwaka wa tatu huu!

Akakipandisha. Simba akainua kichwa, akanitazama. Kioo kikashuka TENA. Tena, shoga!

Nageuka nyuma, mama mkwe katulia tuli, vioo vyake kavifunga zamani. Ananiambia, "Usipige kelele mwanangu, utamfukuza."

Utamfukuza!! Yaani anamhurumia simba!

Sasa wananigongea mlango, eti turudi tukamwone kabla jua halijazama.

Nimewajibu sawa, ila safari hii nakaa nyuma.

Halafu wote wawili, mama na mwana, kwa sauti moja: "Hapana, kaa mbele."