Mtunguaji wa Ndege Hapokei Simu

Ugalla, 4 Machi 2024

Mwanangu Ngusa,

Hujambo huko kambini? Sisi wazima, ng'ombe wazima. Mimi tu ndiye naumwa hasira. Kila nikipanda kichuguu kutafuta mtandao, hupokei. Jumapili Mzee Machibya alipanda mwenyewe, na magoti yake yale, amsalimie mkwewe. Ukapokea. Akakusalimu, akautaja ukoo wenu kama desturi yetu, akangoja uitikie. Kimya. Halafu ukakata! Msukuma gani haitikii salamu ya baba mkwe? Sasa anasema atarudisha ng'ombe wa mahari, binti yake Scola abaki kwao. Umepata mwanamke huko? Sema.

Mama yako, Tereza

Kambini, 29 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na mwanamke sina. Ni kazi tu: tumepata gari jipya la mizinga ya kutungulia ndege. Ungeliona! Rada inatafuta angani, mizinga inageuka yenyewe huku gari linatembea. Mimi ndiye mpigaji. Mwambie mzee mtandao ulikuwa mbaya. Niandikie tu, usipige.

Mwanao, Ngusa

Ugalla, 20 Aprili

Ngusa,

Salamu ni zile zile. Mtandao mbaya? Mzee alisikia hadi unavyopumua! Ng'ombe wakirudi hapa kwangu, usiniandikie tena.

Mama yako

Kambini, 6 Mei

Mama,

Shikamoo. Kasirika, lakini usimwambie mtu. Sisikii. Kwenye mazoezi ya Novemba kulikuwa na joto, nikavua vilinda masikio, mizinga ikafyatuka. Sikio la kushoto limekufa, la kulia linalia kama nyenje. Amri nazisoma kwenye midomo ya wenzangu. Wakijua, wataniondoa kwenye gari, na mimi sina kazi nyingine ninayoipenda.

Mwanao

13 Mei

Mwanangu Ngusa,

Leo sikuulizi hali. Miezi yote hiyo nimepiga kelele juu ya kichuguu, Ugalla nzima inajua siri zetu, isipokuwa wewe! Nimekasirika mpaka nimelia. Na Machibya nimemwambia, ndiyo. Akasema ng'ombe wabaki, ila asiyesikia asiachiwe mizinga, ataua wenzake. Kasema kweli. Scola anakungoja.

Barua hii sikuipeleka posta. Nimekuja nayo kwa basi, askari wa getini ndiye kakuletea. Ukimaliza kuisoma, toka nje. Nitaongea taratibu, unitazame mdomo. Kisha twende wote kwa mkubwa wako. Ukishindwa kusema, nitasema mimi.

Mama yako, niko getini