Ukurasa wa Pili

Tarehe 6 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia na mkazamjomba ameacha kukuficha chumvi. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu, na anasema kaka yake tangu astaafu amekuwa adimu kuliko alipokuwa kazini.

Nakuandikia kwa mambo ya kazi, usikunje uso. Bila shaka umesikia uamuzi wa mahakama ya juu wa mwaka jana. Kila aliyefungwa maisha kwa kosa alilolitenda akiwa mtoto, hukumu yake itazamwe upya, na kabla ya hapo sisi wapimaji wa akili tueleze alikuwa mtoto wa namna gani siku ile. Enzi zenu sheria iliuliza jambo moja tu, kama anajua jema na baya. Sasa inataka nyumba aliyotoka, nani alimsukuma, alielewa nini polisi walipomhoji, na kama amebadilika. Tena inataka ushahidi wa wakati ule ule, si kumbukumbu za mtu mzima peke yake.

Nimepewa mwanamke wa miaka arobaini. Alipoingia gerezani alikuwa na kumi na minne. Kaka yake, mtu mzima, aligombana na mzee jirani juu ya mpaka wa kiwanja, akamfungia stoo saa nane mchana na kuitia moto. Huyu mdogo ndiye aliyeushika mlango kwa nje. Kaka alishafia gerezani. Askari wanamwita Bawaba, kwa sababu kila siku saa nane mchana huacha anachokifanya, huenda kwenye mlango ulio karibu naye na kuusukuma kwa viganja vyote viwili. Husimama hivyo robo saa. Siku ya kwanza tulikuwa wawili tu chumbani, nikadhani amenifungia. Nilitaka kupiga yowe, sikufichi.

Sasa ndiyo nikafungua jalada na kukutana na wino wako wa kijani! Nimemwambia hakimu kwamba wewe ni mjomba wangu, na pande zote mbili zimekubali niendelee. Ripoti yako ina mistari mitatu: "Ana akili timamu. Anajua jema na baya. Anaweza kushtakiwa." Chini pameandikwa, ukurasa wa 1 kati ya 2. Wa pili haumo. Je, unao? Kesi itasikilizwa tarehe 20 Aprili, na bila kitu cha wakati ule atarudi ndani mpaka afe.

Mpwa wako mpenda kusumbua


Tarehe 17 Februari

Mpwa wangu, mama yangu mdogo,

Marahaba. Barua yako imefika. Goti ni lile lile, chumvi bado inafichwa, lakini nimegundua inafichwa wapi. Mwambie dada yangu mimi si adimu, nauli ndiyo adimu.

Kuhusu huo ukurasa, mwanangu, ni miaka ishirini na sita. Huenda karani alikosea kupiga taipu. Mahakama iliniuliza swali moja nami nikajibu moja. Mtu akikuuliza ni saa ngapi, humwelezi saa ilivyotengenezwa. Wewe andika ulichokiona wewe, utamsaidia vya kutosha. Maji yakimwagika hayazoleki.

Habari za hapa si nyingi. Stoo ya nyuma imeingia panya. Yaani mkazamjomba wako ndiye anayesema ni panya. Mimi namuuliza, panya gani anabisha hodi? Huwa ni mchana, baada ya chakula, nyumba ikiwa imelala. Nimeegemeza kile kiti cha chuma kwenye mlango. Hakuna kitu tunachokihitaji mle ndani.

Jitunze, ule vizuri.

Mjomba wako


Tarehe 4 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nyote hamjambo? Mimi mzima, ila usingizi umepungua.

Jana nilikuwa na Bawaba mara ya tatu. Nilimaliza maswali yote ambayo uamuzi mpya unatutaka tuulize, nikafunga daftari. Ikafika saa nane. Akainuka, akaweka viganja mlangoni. Sijui nini kilinituma, nikamuuliza kitu ambacho hakimo kwenye fomu yoyote: "Dada, hapo unasikia nini?"

Akasema, "Anabisha."

"Nani?"

"Mzee. Alibisha mara kumi na tisa, halafu akanyamaza."

Mjomba, ile sauti haikuwa ya mtu wa miaka arobaini. Hata askari aliyekuwa pembeni alivuta kiti chake nyuma. Nikamuuliza, kama mzee alinyamaza, mbona bado ameshika? Akanitazama kama mtu anayeulizwa jambo la kipuuzi.

"Kaka alisema shika mpaka nije nikwambie uache. Hakuja."

Viganja vyake ni laini, havina mstari hata mmoja. Mlango ulipata moto naye hakuuachia. Kwenye kesi, mwendesha mashtaka alivionyesha viganja hivyo kama ushahidi wa ukatili. Habari ya amri ya kaka haimo kwenye jalada. Ya kubisha haimo. Nimesoma kurasa mia mbili na arobaini, hakuna aliyemuuliza.

Kabla sijaondoka akasema, "Yule daktari wa wino wa kijani yuko hai? Nilimuuliza swali, hakunijibu." Nikataka kujua ni swali gani. Akasema, "Yeye analijua."

Mjomba, ukurasa uko wapi?

Mpwa wako


Tarehe 29 Machi

Mjomba,

Shikamoo.

Wiki tatu hujajibu. Nimempigia mkazamjomba, anasema huli vizuri na unashinda uani ukiutazama mlango wa stoo. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nami naogopa mshindo wenyewe.

Sikuandikii kukuhukumu. Wewe ndiye uliyenilipia ada na kunipa kitabu cha kwanza cha kazi hii. Lakini zimebaki siku ishirini na mbili, na mwanasheria wa serikali ameshasema hadithi ya amri ya kaka imetungwa juzi, baada ya uamuzi mpya kutoka. Mficha maradhi kilio humfichua. Safari hii kilio kitakuwa cha mtu mwingine.

Mpwa wako anayekupenda na aliyekasirika


Tarehe 7 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi siko salama, kwa hiyo tusizungushane.

Barua yako ya tarehe 4 Machi ilinikuta uani. Nilipofika mahali palipoandikwa kumi na tisa, niliinua macho nikautazama mlango wa stoo. Mimi nilikuwa nimeshahesabu. Tangu mwaka niliostaafu, kila saa nane, ni kumi na tisa. Haijawahi kuzidi wala kupungua. Na huku si kule, stoo hii nimeijenga mwenyewe, haijawahi kuungua wala kufungiwa mtu.

Ukurasa wa pili ninao. Niliuandika siku ile ile. Karani aliurudisha na kikaratasi: "Daktari, jibu ulichoulizwa." Hukumu waliyokuwa wakiifuata wakati ule ilisema mtoto aliyezidi miaka kumi na miwili, akijua jema na baya, ashtakiwe kama mtu mzima, basi. Mengine yote yalikuwa kelele. Nilikuwa na watoto wawili wa shule na bosi mkali, nikachomoa ukurasa. Sikudanganya hata neno moja, mwanangu, na ndilo jambo linalonila. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu ametimiza miaka ishirini na sita.

Ukurasa wenyewe umo ndani ya bahasha hii. Utaona niliandika habari za kaka, na amri, na hofu yake. Mstari wa mwisho unasema: "Mtoto ameniuliza kama sasa anaweza kuacha. Sikumjibu."

Sikuelewa, ndiyo maana sikumjibu. Nilidhani anataka kuacha mazungumzo. Nilifunga kalamu nikatoka, naye akairudisha mikono mlangoni. Nilielewa nikiwa nusu ya safari ya kurudi ofisini. Sikugeuza gari.

Peleka ukurasa mahakamani. Wakiniita nitakuja, hata kwa goti hili. Na yule binti umsomee kikaratasi kidogo nilichomwandikia, kilichobanwa nyuma. Usimpe kabla ya hukumu, asije mtu akasema tumemfundisha.

Nisamehe, nawe pia nimekudanganya.

Mjomba wako


Tarehe 22 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Unaendeleaje? Kula, tafadhali. Keti kwanza.

Wino umepimwa, ukaonekana ni wa zamani. Hakimu alisoma ukurasa wako kimya kimya, kisha akausoma kwa sauti. Alipofika mstari wa mwisho alivua miwani. Akaniuliza kwa nini haya hayakuwemo kwenye jalada. Nikasema, "Mheshimiwa, hayakuulizwa." Nilitamani kusema zaidi nikutetee, nikaketi. Ameamua kwamba miaka aliyokaa inatosha. Hukuitwa, lakini jina lako sasa limo kwenye uamuzi, na wapimaji watakaokuja watalisoma.

Jana nilimfuata gerezani na barua ya kuachiwa. Makaratasi yao hayaishi! Tulikuwa bado ofisini, mimi, mkuu wa zamu na Bawaba na kifurushi chake, ilipofika saa nane. Akaweka kifurushi chini, akaenda mlangoni. Basi fikiria, mtu ameshaachiwa huru na ametufungia wote watatu ndani. Mkuu wa zamu akaanza kucheka, akaacha. Chumba kilikuwa cha baridi, Mjomba, lakini nilianza kunusa moshi, na yule bwana naye aliziba pua.

Nikatoa kikaratasi chako nikasoma: "Mwanangu, ndiyo. Unaweza kuacha sasa. Ilinipasa nikwambie siku ile."

Akauliza bila kugeuka, "Amesema mwenyewe?"

Nikamsogezea aone wino. Aliutazama sana. Akatoa mkono mmoja, akasikiliza. Kisha akatoa wa pili. Ilikuwa saa nane na dakika saba. Alitoka nje akiwa ameishika mikono yake mbele kama mtu aliyebeba kitu kilicholowa, na alipofika getini akaipangusa kwenye gauni na kuniuliza basi liko wapi.

Nililia ndani ya gari. Sikuoni kama mtu mbaya, Mjomba. Nakuona kama mtu aliyechelewa.

Mpwa wako


Tarehe 30 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimekula. Hata chumvi nimepewa.

Nimeisoma barua yako mara nne, kisha nikaenda kutazama kalenda ya jikoni. Tarehe 21 nilikuwa nimeandika jambo nyuma yake, kabla sijajua lolote, na mkazamjomba wako ni shahidi.

Siku hiyo saa nane yule wa stoo alianza kubisha kama kawaida. Nikahesabu mpaka kumi na tisa. Pakawa kimya, nami nikashika goti niinuke. Saa nane na dakika saba akabisha tena, mara moja, polepole, kama mgeni asiyetaka kuamsha watoto. Ishirini.

Niliogopa, mwanangu, sitakuficha tena kitu. Lakini miaka yote hiyo mtu anabisha, na katika nyumba hii, sisi tuliofundishwa adabu, hakuna aliyewahi kumjibu. Nikaondoa kiti. Nikasema, "Karibu," nikafungua.

Hamkuwa na mtu. Mlikuwa na fagio, madebe na baiskeli yako ya utotoni. Mbao za mlango kwa upande wa ndani zilikuwa za moto, sikuweza kuzishika. Zilipoa jioni.

Tangu siku ile mlango uko wazi. Mkazamjomba wako analalamika kwamba sasa panya wataingia. Nimemwambia waingie.

Mjomba wako