Matundu ya Jumba la Bustanini

Newala, Jumanne jioni

Eti kazi ya Mungu! Ndivyo mtendaji wetu wa kata alivyoniambia leo, tumesimama ndani ya jumba la zamani la bustanini, maji ya mvua yametufika magotini.

Waliolijenga waliacha matundu chini ya ukuta ili maji yatoke. Mwezi uliopita yeye aliyaziba kwa saruji, magunia yake ya salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, yasipate unyevu. Nilimkataza, mimi mtunza bustani. Akanijibu, "Mama Zuhura, wewe fagia majani."

Sasa salfa imekuwa uji wa manjano, na ukuta umepasuka. Mvua ikirudi kesho, naogopa utaanguka.

Na bado ananiuliza, "Mama Zuhura, maji haya yatatokea wapi?"

Nikampa ufagio.