Banda la Mbata la Mjomba Sakiusa

Savusavu, 3 Machi

Kwako mpwa wangu Vasiti,

Natumaini wewe na cherehani zako hamjambo. Sisi wazima. Mkaza mjomba wako Eseta anakohoa kidogo. Mimi maradhi yananiogopa.

Nasikia mwenye jumba huko Suva anakutoa mwezi ukiisha. Usihangaike, mji upi nisioujua? Nenda Nadi. Zamani nilishuka pale na shati lililochanika, mafundi wa mtaa mzima wakaligombea mpaka polisi wakaja. Au Labasa, kwa watu wa miwa, harusi haziishi. Ukihitaji kitu kwangu, sema. Mimi sikosi kitu.

Mjomba wako,
Sakiusa

Suva, 19 Machi

Mjomba, shikamoo,

Mpe Mkaza mjomba pole ya kikohozi.

Nadi nilifika. Mtaa mzima ukigombea shati moja, Mjomba, ujue kazi hakuna. Labasa mafundi walinipa chai, wakaniambia kwa upole nirudi nilikotoka. Ila kwenye basi nilikaa na wanawake wa Savusavu, wamepakata vitambaa vya sare za shule. Nikauliza, "Kwani kwenu hakuna fundi?" Mmoja akajibu, "Yupo, anashona nyavu."

Naona haya kuandika hili. Tangu Mama afariki sijakuomba hata muhogo. Lakini mimi ni vasu wako, mwana wa dada yako, na kwa desturi nikitaka kitu chako ni changu. Naomba lile banda la mbata karibu na soko. Kama unalihitaji, sitanung'unika.

Mpwa wako,
Vasiti

Suva, 31 Machi

Mjomba, shikamoo,

Sijaona jibu. Cherehani ziko barazani kwa jirani, chini ya turubai. Kama nimekosa adabu kuomba, niwie radhi.

Mpwa wako,
Vasiti

Savusavu, 2 Aprili

Vasiti mwanangu,

Hatujambo, na usiniombe radhi, utaniharibia. Nimechelewa kwa kuwa barua yako ilikuwa inatembea. Nimeisoma barazani tunapokunywa kava, nje ya kanisa, hata kwa dereva wa basi.

Miaka yote wapwa wa wenzangu wanakuja kubeba nguruwe na mitumbwi, mimi nimekaa na mali yangu kama mtu asiye na dada. Jirani yangu Apisai hunitania, "Mali gani hiyo, hata mpwa wako haitaki?" Nacheka naye. Nikifika nyumbani chakula hakipiti.

Juzi nikamwekea Apisai barua yako mbele yake. Akasoma, akauliza, "Banda zima?"

Nikamwambia, "Na mlango wake."

Mbata nimeihamishia chumbani. Eseta analala juu yake, ananiita mwehu. Nimekutobolea dirisha kubwa, meli zitapunguza mwendo zikuangalie. Wanawake wameshaacha vitambaa mlangoni.

Asante kwa kuniomba, mwanangu. Njoo na meli ya Alhamisi, nitakuwa gatini. Nina nguruwe mweusi, mnene kuliko mchungaji wetu. Ukimpenda, mwombe. Ila ngoja kwanza Apisai awepo.

Mjomba wako,
Sakiusa