Nesi wa Nyumbani

Jumatatu, 3 Machi
Tumemrudisha nyumbani. Mume wangu, fundi rangi, aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi akagonga kichwa sakafuni — anatembea, anakula, anatania. Kumbukumbu ndiyo haishiki. Kabla hatujaondoka kituo cha matibabu, mtaalamu wake wa mazoezi ya akili alinikalisha chini. Usimwulize-ulize, akasema, usimwache akisie. Mimi na wewe tukikosea tunakumbuka kwamba tulikosea. Yeye kosa halikumbuki, kinachombakia ni lile jibu. Basi mpe jibu sahihi kwanza, alirudie. Njia yenyewe bado ngeni hapa kwetu, lakini inasaidia. Nikaitikia kama mwanafunzi hodari.

Jumatano, 5 Machi
Akitaka choo anaingia stoo. Kila mara. Leo mtaalamu kaja, kamwambia aupake mlango wa choo rangi mwenyewe, njano. Mikono ile! Brashi ilipita kwenye kingo bila tone kudondoka. "Huu ni mlango wa choo," mtaalamu anasema. "Huu ni mlango wa choo," anarudia, anaendelea kupaka. Kisha akanigeukia: hii praima ya kutangulizia rangi kakuuzia nani, mbovu. Nilicheka mpaka machozi. Yumo humo ndani, mtu wangu.

Alhamisi, 6 Machi
Kaenda choo cha njano mwenyewe. Si mara zote, lakini kaenda.
Mimi hajanijua. Ananitazama kwa adabu, kama mgeni kwenye nyumba ya watu. Naiogopa adabu hiyo. Asubuhi nakaa kitandani, nasema, "Mimi ni mke wako." Anarudia, "Wewe ni mke wangu." Ndipo tunaanza siku.

Jumapili, 9 Machi
Mama mkwe kaja kumwona mwanawe. Nilimweleza yote, akasema ameelewa. Niko jikoni nachemsha chai, nasikia sebuleni: "Haya baba, huyo aliyeingia jikoni ni nani? Fikiri. Fikiri vizuri."
Nikaiacha chai ifurike, nikakimbia. Nimechelewa. "Nesi," kashasema. Mama akacheka, na mimi — Mungu anisamehe — nikacheka. Akafurahi kuona tumefurahi. Akarudia: "Nesi."

Jumanne, 11 Machi
Nesi, naomba maji. Nesi, shati langu liko wapi. Kutwa nzima.
Nimempigia mtaalamu. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Tuanze upya, anasema, umwahi kabla hajafungua mdomo. Na kama neno lenyewe limeshaganda? Yapo yanayoondoka taratibu, akasema. Kwamba hili ni mojawapo, hakusema.
Mama mkwe kapiga simu analia. Nimemwambia si kosa lake. Nimekata simu nikabamiza mlango wa kabati mpaka bawaba ikalegea.

Ijumaa, 14 Machi
Namfuata chumba kwa chumba kama askari. Kabla hajageuka: "Mimi ni mke wako." Anarudia vizuri kabisa. Akimaliza chai, nesi. Naanza tena. Sauti imenikauka, na nyumba imenichosha kwa sentensi moja.
Jioni hii nimemkuta koridoni, kasimama mbele ya stoo, suruali imelowa. Mlango wa njano uko pembeni yake tu. Nikavuta pumzi niseme sentensi yangu. Kaniwahi. Kanishika mkono, kaniinamia sikioni.
"Nesi, nisaidie nibadilishe upesi. Mke wangu yuko njiani. Tafadhali asinikute hivi."
Anamsubiri! Siku zote hizi ananisubiri.
Nimemkalisha kitandani na taulo. Naandika haya nimeegemea kabati la nguo, suruali safi iko begani. Nikimwambia mimi ni nani, basi mke keshamkuta. Nisipomwambia, nesi anazidi kuota mizizi. Nimpigie mtaalamu? Nimuulize nini?
Anaita. Nesi. Anaita tena, kwa kunong'ona, ili mimi nisisikie.