Jiwe la Mama Limetiwa Saruji

Alhamisi, 10 Julai 2025

Winfrida kapiga simu kutoka Dodoma. Zawadi! Baba katimiza miaka sabini na mbili, lazima afurahi kidogo. Kanilipia ziara ya pikipiki ya siku moja, Jumamosi hii: Tarime mjini, milima ya Nyamwaga, kuteremka mpaka Mto Mara, Mugumu, halafu upande wa Ikoma, na kurudi. Chakula cha mchana kimo. Nikamwambia mwanangu, mimi nimefundisha jiografia Sikonge enzi za barabara za mchanga, pikipiki si jambo geni kwangu. Akacheka. Hii si bodaboda, baba, ni utalii.

Utalii! Nikatalii kwetu!

Nilikuwa nakataa. Halafu tangazo likaingia kwenye simu. Lilichelewa – hapa Itiryo mtandao hauna uraia, asubuhi uko Tanzania, mchana unakukaribisha Kenya. Picha nne. Ya mwisho ni kilima chenye migunga, na bonde la nyasi lisilo na mwisho. Chini yake wameandika: Kituo cha Mandhari, Jiwe la Mvua, Kemarungu.

Nimeisoma kwa miwani, nikaisoma bila miwani. Kemarungu. Pale ndipo palipokuwa mji wa baba yangu, nyumba zetu na zizi, uliozungukwa na ua wa minyaa, mpaka siku lori lilipokuja. Nimeishi pale miaka ishirini na moja ya mwanzo ya maisha yangu. Hapakuwa na jiwe la mvua. Jiwe lilikuwa moja tu, na lilikuwa la mama.

Nakwenda.


Ijumaa, 11 Julai

Nimemwambia dada Ghati. Yeye ni mkubwa wangu kwa miaka kumi na miwili na macho yamemwisha, lakini masikio yake yanasikia mpaka ninachoficha. Akainuka, akapapasa ukuta hadi chumbani, akarudi na lile jiwe dogo.

Niandike hapa wazi, maana tukifa sisi wawili hakuna mwingine anayejua. Jiwe la kusagia ni mawili: la chini kubwa lenye tumbo, na dogo la mkononi. Kwa watu wa mama, mwanamke akihama anapindua lile kubwa, tumbo chini. Akifa, analipindua mtoto aliyemzaa. Lisipopinduliwa, nyumba ile bado inamngoja na yeye hajalala. Ile siku ya 1974 nilikuwa likizo kutoka chuo cha ualimu. Watu walipakia vitanda, kuku, milango. Baba akamwambia mama, pindua jiwe lako twende. Mama akasema: "Mimi sihami. Nafukuzwa. Anayefukuzwa hapindui jiwe." Akachukua lile dogo, akalifunga kwenye kanga kama mtoto, akapanda lori. Walimleta huku Itiryo, alikoolewa Ghati. Amefia huku, amezikwa huku. Lile dogo linaponda karanga za Ghati mpaka leo. Lile kubwa liko Kemarungu, tumbo juu.

Kila tulipotaka kwenda, palikuwa na geti la hifadhi ya wanyama. Hakuna ng'ombe, hakuna jembe, hakuna mtu. Nyumbu wanavuka kwenda Kenya na kurudi bila kuulizwa kitambulisho! Sisi tulirudishwa kila mara. Sasa geti linafunguka – kwa mtalii.

"Mura," Ghati kaniambia. Kijana! Mpaka leo mimi ni mura. "Nikimkuta mama huko bado amesimama mlangoni, nitamwambia nini? Nenda ukalipindue. Usizunguke na maneno yako ya vitabu."


Jumamosi, 12 Julai, jioni

Kalamu imetoboa karatasi. Ni hasira, si uzee. Niandike kwa utaratibu.

Tulikuwa pikipiki tatu. Kiongozi na mwenye kampuni ni Erasto, kijana wa hukuhuku Tarime, koti jeusi, miwani ya jua, maneno mengi. Mimi nyuma yake. Wateja wengine wawili ni watumishi: Lusekelo, bwana mifugo kutoka Mbeya, na Precious, mwalimu wa sekondari. Shikamoo babu, babu utaweza, babu shika vizuri. Babu, babu! Sina mjukuu anayeitwa Precious.

Milima ilikuwa mizuri. Sitaacha kuandika hilo kwa sababu ya hasira. Baridi ya asubuhi, moshi ukitoka kwenye mapaa, mahindi yameanikwa juu ya maturubai, migomba mpaka ukingoni mwa barabara. Halafu nchi inakatika ghafla, unaona bonde lote la Mara chini kama kitu kilichosahauliwa wazi. Erasto akasimamisha. Akatangaza kwamba jina la mlima ule maana yake ni "mahali pa simba wawili". Uongo. Darajani akasema Mjerumani alizamisha dhahabu. Uongo mwingine. Mugumu tukanywa chai na chapati. Lusekelo akaniuliza kama nimewahi kufika huku. Nikasema zamani. Basi akaanza kunielekeza hospitali iko wapi!

Baada ya Mugumu vumbi na joto. Getini kijana akaandika jina langu. Kwenye sehemu ya kusudi la safari Erasto akamjibia: matembezi.

Kemarungu nimeitambua kwa minyaa. Nyumba zimekwisha, zizi limekwisha, lakini minyaa imezidi kukua, inazunguka duara lilelile, na pengo la lango liko upande uleule wa macheo. Nikashuka. Nikapita langoni, si kando kama wale wengine. Sikulia.

Halafu nikaliona. Wamejenga nguzo ya matofali ya kimo cha kiuno, wameipaka chokaa, na juu yake jiwe la mama. Tumbo juu. Limezungushiwa saruji. Ndani ya tumbo maji, ndani ya maji sarafu.

Erasto akavaa sauti yake ya redio. Hapa, ndugu zangu, wazee wa mvua walileta mwanamwali bikira, akatia mkono majini, na mvua ikanyesha siku saba. Hadi leo, ukitia mkono ukaomba jambo moja, unapata!

Precious akatia mkono. Lusekelo: "Omba mume, dada." Precious: "Mume wa nini? Naomba uhamisho." Wakacheka. Wakapiga picha. "Babu na wewe njoo uombe!"

Nilipiga kelele. Sikumbuki yote. Nakumbuka nilisema hilo ni jiwe la kusagia ulezi, na aliyekuwa akilisagia alikuwa mfupi, mguu wake wa kushoto ulikuwa na kovu, na alinizaa hatua kumi kutoka pale waliposimama. Nilimwaga maji. Nikalishika kwa mikono miwili nikavuta. Mkono wa Lusekelo begani mwangu, taratibu babu. Nilivuta. Halikutikisika hata kidogo. Kucha moja imeng'oka.

Precious akafunika uso. Hilo nalikumbuka. Akasema samahani, mwalimu, hatukujua. Hakusema babu.

Erasto akanivuta kando, nje ya minyaa. Sauti ya redio imekwisha, sasa ananiita tata, yaani baba, kwa Kikurya. "Tata, nisikilize. Mimi nililikuta jiwe hili linataka kupasuliwa. Wale wa kutafuta mali ya Mjerumani walikuja na nyundo, walidhani ni alama. Tazama pembeni, kuna ufa. Nikaona nilitie saruji wasilichukue." Nikamuuliza, na uongo wa mvua? Akacheka kidogo, kwa aibu. "Wageni hawalipi kuona jiwe la ugali, tata. Watanitazama tu."

Nimetazama. Ufa upo. Kweli bila kijana huyu mwongo jiwe la mama lingekuwa kokoto. Hilo ndilo linaloniuma zaidi! Nilitaka adui kamili. Hata huyo sikupewa.

Nikamwambia lete kifaa tulibandue. Akasema haiwezekani: wenye geti wakisikia kuna wazee wanadai kitu humu ndani, njia inafungwa kwa wote. "Mkate wangu huo, tata. Na wewe hutarudi tena."

Njia nzima ya kurudi nilishikilia koti lake, maana ningeanguka.


Jumapili, 13 Julai

Mgongo, magoti, kidole. Sikwenda kanisani. Ghati kauliza: umelipindua? Nikasema nimechoka, tutaongea. Winfrida katuma ujumbe: baba, ulifurahia? Na picha ya pikipiki na moyo mwekundu. Sijajibu. Kosa si lake. Nilimlea mbali, nikamfundisha Mto Kongo na Mto Naili, sikumchorea njia ya Kemarungu.


Jumatatu, 14 Julai

Nimemweleza Ghati yote. Alikuwa anachambua maharage kwa vidole. Nilipofika kwenye maji na sarafu, vidole vikasimama.

"Wanatia mikono ndani ya mama?"

Ndiyo, dada.

"Wakiwa wamenawa?"

Akaniuliza kama nilivuta kweli. Nikamwonyesha kidole, akakipapasa, akasema haya, ulivuta. Akaendelea na maharage. Mwishoni kabisa: "Lakini wewe msomi, uliambiwa ukalipindue, ukaenda mikono mitupu. Mtu anakwenda shamba bila jembe?"

Nani angejua kuna saruji! Nilimjibu kwa ukali. Ukali ule haukumstahili yeye.


Jumanne, 15 Julai

Erasto kapiga. Kafikiri, anasema. Ana wazo. Tulipindue kwa sherehe! Wageni waalikwe, dada yangu avae ngozi na shanga, ngoma iwepo, mimi nisimulie, yeye atafsiri. Halafu baada ya sherehe lirudi tumbo juu, kwa sababu ya maji.

Nilimkatia simu. Nikatembea hadi mtoni na kurudi. Watu wananisalimu shikamoo, najibu marahaba kama nafukuza mbwa. Alituondoa aliyetuondoa, hakuomba radhi. Sasa tunarudi kuwa maonyesho! Dada avae ngozi, eti ndiye mama? Mama alivaa gauni la maua siku ile, na viatu vya raba vya baba. Nilikuwepo!

Ghati kasikia simu yote. Kauliza jambo moja tu: sherehe hiyo, wanapelekwa kwa pikipiki?


Alhamisi, 17 Julai

Ghati kamwagiza jirani ampigie Erasto. Sikushauriwa. Nilikuwa nje, nikasikia dada anavyosema kwa sauti ya juu, kama watu wanaodhani simu ni bomba. Hataki ngoma. Hataki ngozi. Anataka ziara ya kawaida, Jumamosi, watu wawili. "Andika mtalii. Mimi sijawahi kutalii, nakufa lini sijui." Erasto kabisha: mama, mbali, barabara, umri. Ghati: nilikwenda kujifungua Tarime kwa miguu, wewe unaniambia habari za kukaa juu ya kiti chenye injini?

Nimemwambia huoni, dada. Mandhari gani utaona? Akasema: "Nyinyi mlioona mmefanya nini?"


Jumamosi, 19 Julai, asubuhi

Amevaa gauni la kitenge la kanisani na koti langu la Sikonge. Jiwe dogo liko kwenye kikapu, limefungwa kanga. Anasema wawili hao wakutane kwanza, kabla ya lolote. Na kuna furushi jingine, refu, alilolifunga mwenyewe kwa kanga mbili na kamba ya katani. Najua ni nini. Ni mtaimbo wa marehemu shemeji, aliochimbia mashimo ya nguzo za nyumba hii.

Erasto amefika, na pikipiki mbili. Nilidhani hatakuja. Hakuvaa miwani. Kamwamkia Ghati kwa Kikurya, kwa heshima yote, kamvika kofia ya chuma mwenyewe, akamfunga kamba ya kidevuni. Ghati kasema inanuka vijana. Wakacheka wote wawili! Mimi sikucheka. Niliingia ndani kuchukua dawa za presha, na ndipo nikakaa kuandika haya.

Nawaona dirishani. Ghati ameshapandishwa, amekaa wima kama bibi harusi, kikapu mapajani. Anaita: mura, unaandika nini tena, jua linapanda!

Erasto ameinama kuchukua lile furushi refu alifunge nyuma. Akalinyanyua – akasimama. Analipima kwa mkono. Mama, hiki nini? Fimbo yangu, kasema Ghati. Fimbo nzito hii, mama. Mimi ni mzee mzito, fungeni twende.

Ameshajua ni nini: amegeuka kutazama barabara inayokwenda Tarime, hadi getini, kwenye mkate wake. Ametazama kichwa cha Ghati ndani ya kofia yake. Ana mpira wa kufungia mizigo mkono mmoja, na mtaimbo mkono mwingine. Hajaufunga. Hajauweka chini.