Kahawa Niliyompa Kijana wa Maabara

Mke wangu mpendwa, Mama Kemilembe,

Uniwie radhi kwa ukimya wa muda mrefu. Sikuwa mgonjwa, nilikuwa na jambo lisilofaa kusemwa kwenye simu. Goti lako linaendeleaje? Na migomba ya nyuma ya nyumba, imepata samadi? Baridi ya huku Ujerumani nimeizoea, ila ndizi zao hazipikiki.

Unaijua kazi ya mwanao Kemilembe. Yeye na wenzake wanatafuta kemikali ndogo ndogo za kuzihimiza seli za mwili zitoe vifuko vingi zaidi. Vifuko hivyo havionekani kwa macho. Hutoka katika seli moja, huingia katika nyingine na kuiamsha kinga, ili chanjo ipate nguvu. Sisi wazee chanjo hutushika kidogo, kwa hiyo walihitaji damu yetu. Nilijitolea.

Aliyenitoa damu kidoleni na kunifunga pamba ni kijana mpole aitwaye Jonas. Tulipotoka nje ya maabara niliona si adabu kuagana naye mikono mitupu. Nikatoa mfukoni ile kahawa ya kutafuna uliyonifungia, nikampa punje mbili. Akatafuna, akameza, akashukuru. Hapo ndipo nilipokitazama kidole changu: pamba ilikuwa imelowa, na damu yangu ilikuwa imekwenda na kahawa. Huhitaji kuambiwa jinsi babu zetu walivyofunga omukago, ule undugu wa kuchanjiana damu. Damu, kahawa, kumeza. Tayari ni ndugu.

Jioni nilimsimulia Kemilembe kwamba nimepata mdogo wangu wa Kizungu. Hakucheka. Aliweka mwiko chini.

"Baba, Jonas ndiye niliyetaka kumleta kwako Jumapili. Anataka kunioa."

Nikamwambia kwamba basi anataka kuolewa na baba yake mdogo. Akasema lilikuwa tone tu. Nikamuuliza: ikiwa kifuko kisichoonekana chaweza kutoka katika seli moja kikabadili mwenendo wa nyingine, tone linaloonekana litashindwaje? Akadai kwamba omukago hutaka damu ya pande zote mbili, nami sikumeza ya Jonas. Hoja hiyo ni nzuri.

Jumapili Jonas alikuja hata hivyo, amevaa tai, amekwisha kuelezwa yote. Alisimama mlangoni, akainama, akasema Kiswahili alichofundishwa na mwanao:

"Shikamoo, kaka. Nimekuja kumposa binti yetu."

Nilijibu marahaba kabla sijafikiri. Sasa sijui kama nilimwitikia ndugu au mkwe. Niliwaomba wanipe muda. Tangu hapo Kemilembe hali vizuri, na hilo linaniuma kuliko mila.

Nisalimie kaka yangu mkubwa wa Rubya, lakini usimweleze. Ataitisha kikao cha ukoo. Msalimie pia dada yako Adelina, fundi cherehani wa Kashai, ambaye nimesikia kwamba anakushonea gauni la harusi tangu mwezi uliopita.

Nitakuandikia nikishaamua. Wewe, naona, uliamua zamani.

Mumeo,
Baba Kemilembe